Wimbo Usio na Mwenyewe

Kabla ya kuimba wimbo wowote mpya, alimtaja kwanza mwenyewe, yule aliyetungiwa. Alifungua kabati la nguo, akaingia nusu mwili, akaivuta milango mpaka ukabaki mgongo tu unaonekana, akaweka simu juu ya mashuka yaliyokunjwa, akakohoa mara moja, kisha akasema kwa sauti ya mtu anayesoma anwani juu ya bahasha: "Huu ni wa jirani aliyehama bila kuaga." Au: "Huu ni wa mama, siku aliyotukata nywele akatuharibu." Au: "Huu ni wa yule dereva aliyenirudishia mwavuli." Ndipo akaimba.

Miaka ishirini na zaidi tabia hiyo haikumtoka. Mdogo wake, aliyekuwa akikaa kitandani nyuma ya mgongo ule na kuzuia hata chafya, aliwahi kumwambia, "Dada, mwenyewe hakusikii. Dereva wa watu yuko njiani na abiria wake."

"Najua hanisikii," mgongo ukajibu kutoka kabatini. "Lakini wimbo unasikia."

Kazini walimwita Kabati, na jina likamganda. Alikuwa fundi wa kurekebisha nguo kwenye duka la dobi: kubadilisha zipu, kupunguza viuno vya watu waliokonda, kuongeza viuno vya watu ambao hawakutaka kuulizwa. Meza yake ilikuwa nyuma kabisa, baada ya mashine za kufulia na meza ya pasi, chini ya dirisha lililokuwa na mvuke muda wote. Mpiga pasi, mwanamke mnene mwenye ulimi usiolala, ndiye aliyembatiza. Kila Jumatatu alimpokea kwa salamu ileile: "Kabati, leo umetoka na wimbo au umetoka na nondo?"

"Nondo wamebaki. Wanasema wewe ndiye uliyewafundisha kula bila kushiba."

"Angalau wao wanakula kimya!"

Na kweli kabati lile lilikuwa na sababu yake. Wapo wateja ambao huleta nguo kwa dobi wasirudi. Mwenye duka alizingojea mwaka mzima, kisha akazigawa. Kabati aliomba makoti mazito tu, ya sufu, akayatundika pande zote ndani ya kabati lake, kwa sababu chumba chake kilikuwa na kuta tupu zilizorudisha sauti kama mtu anayekuiga kwa dharau. Katikati ya makoti sauti ilitulia. "Sufu inasikiliza," alisema.

Alitunga akiwa kazini. Hakuwa na kalamu mezani. Alikuwa na chaki ya kuchorea kitambaa, na mstari ulipomjia aliuandika palepale juu ya mbao za meza, kati ya sindano na vifungo. Jioni, kabla ya kufunika cherehani, alichukua kitambaa kibichi akafuta vyote. Mstari alioamka nao asubuhi ulistahili kuishi. Uliopotea usiku alisema ulikuwa na haki ya kupotea. Mdogo wake hakuweza kuuvumilia utaratibu huo.

Mdogo wake huyo alifanya kazi kwenye maktaba ya chuo, na dada yake alimwita Karani tangu walipokuwa wasichana, kwa sababu hata wanasesere wao alikuwa akiwaandikisha. Kupoteza kitu kilichoandikwa kwake ilikuwa dhambi. Akanunua daftari kubwa lenye jalada gumu, akalipigia mistari: namba, wimbo, mwenyewe, tarehe. Kila rekodi iliyotoka kabatini aliihifadhi kwenye simu yake na kuiandika daftarini. Kulikuwa na sheria moja: wimbo wenye mwenyewe haupewi mtu mwingine kabla mwenyewe hajaambiwa. Jirani aliyehama walimtafuta miaka miwili ili wamsikilizishe. Walipompata alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kumbe mlinihesabu," akaingia ndani asitoke tena. Wao wakabaki mlangoni wakitazamana kama wezi.

Katika maisha yake yote Kabati alitamani kitu kimoja tu, na hakukificha: wimbo wake mmoja, hata mmoja, usikike na watu asiowajua, kwa sauti yake mwenyewe, jinsi alivyoutunga, kutoka mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Hakutaka jukwaa. Hakutaka picha yake ukutani. Alipeleka nyimbo redioni, wakampongeza; alipeleka tena, wakampongeza tena. "Wakiendelea kunipongeza hivi," alisema, "nitakufa nimesifiwa."

Sasa kuna wimbo namba arobaini na moja. Jioni aliyouimba aliingia kabatini, akaweka simu, akakohoa, akakaa kimya. Karani alihesabu moyoni akifikiri simu imezima. Kisha sauti ikaanza bila kumtaja mtu. Ulikuwa wimbo mfupi, hauna kiitikio, mistari kumi na mmoja tu inayofuatana, kila mmoja ukianza na "ume". Umekuja bila mzigo. Umejaza chumba kizima. Umenishika kidole hukukiacha. Mistari mitatu ya mwisho ilikuwa na maneno yaleyale, umelala, nami nasikiliza, ila kila mara sauti ilishuka ngazi moja.

Alipotoka uso ulikuwa umelowa, lakini kabatini kulikuwa na joto siku zote.

"Huu niandike wa nani?" Karani akauliza.

"Acha hivyohivyo."

Karani akafikiri ni wa yule mume aliyeondoka miaka mingi nyuma, na kwamba dada hataki kumpa heshima ya kumtaja. Kwenye safu ya mwenyewe akapiga kistari. Maktabani kwake kitabu kisicho na mhuri wa mwenyewe huwekwa rafu ya wote, yeyote akachukua. Hapo ndipo alipokosea, na alikosea kwa sababu ya kufanya kazi yake vizuri.

Siku moja dukani lililetwa koti la jukwaani, zito kwa vipande vya kung'aa, mkono wake mmoja umechanika kutoka kwapani hadi kiwikoni. Lilikuwa la Tufani, mwanamuziki ambaye nyimbo zake zilipigwa mpaka kwenye simu za watu waliosema hawampendi. Aliyelileta alikuwa prodyuza wake, mtu mwembamba mwenye vidole visivyotulia, akasimama kando ya cherehani akingoja. Kabati alishona akiimba chinichini, kama kawaida yake. Vidole vya yule mtu vikatulia.

"Mama, huo wimbo ni wa nani?"

"Wa mteja mmoja wa hapa. Alikuwa na suruali mbili na siri moja."

"Naulizia aliyeutunga."

Mpiga pasi akadakia kupitia mvuke, "Si huyohuyo! Anaimbia makoti. Chukueni hata nyinyi mjaribu, makoti hayajawahi kulalamika."

Prodyuza akaacha namba yake, akataka atumiwe nyimbo tatu. Wiki ikapita, ya pili ikapita, Kabati hajatuma. Kila akichagua alikuta mwenyewe hajaulizwa. Karani akaona bahati inaota mbawa mbele ya macho yake. Akafungua daftari, akatafuta zilizo huru. Dereva wa mwavuli alikwisha kubali. Mama yao alikwisha fariki, na kwa marehemu Karani alijipa ruhusa mwenyewe. Na namba arobaini na moja haikuwa na mwenyewe. Akazituma zote tatu wakati wa chakula cha mchana, akiwa nyuma ya rafu za jiografia.

Simu ilipigwa kesho yake. Alikimbia hadi dukani kwa dobi, akafika hana pumzi.

"Wamechagua, dada! Tufani mwenyewe! Wanataka kolabo, uimbe naye!"

Mpiga pasi akaacha pasi, akapiga kigelegele kilichowatoa wateja kwenye foleni. Kabati alikuwa anatia uzi kwenye sindano.

"Wamechagua upi?"

"Arobaini na moja."

Uzi ukakosa tundu. Akaulowesha mdomoni, ukakosa tena.

"Uliutuma na huo?"

"Haukuwa na mwenyewe, dada."

"Kweli," akasema. "Haukuwa na mwenyewe." Akamtazama mdogo wake, jasho linamtiririka, viatu vya kazini vimejaa vumbi, uso umechanua kama wa mtoto aliyeokota kitu. "Basi acha utoke nje kidogo. Umekaa ndani sana."

Studio ilikuwa ghorofani, juu ya duka la matairi. Walimwingiza kwenye kichumba chenye sifongo ukutani na kipaza sauti kilichoning'inia kama swali. Akafungua mdomo, hakikutoka kitu. Mara tatu. Akaomba radhi. Tufani, ambaye alikuwa kijana mpole kuliko sura yake kwenye mabango, akauliza, "Mama, nyumbani huwa unaimbaje?" Alipoambiwa hakucheka. Alivua koti lake, akawaambia na wengine wavue yao, wakayatundika kumzunguka kwenye stendi za maikrofoni. Akasimama katikati ya makoti ya watu asiowajua, akakohoa, akakaa kimya kidogo, akauimba wote mara moja, bila kosa.

Tufani alikuwa amekaa sakafuni. Alijifuta macho kwa kiganja. "Huyo mwanamume," akasema, "alikuwa na bahati."

Kabati akatabasamu tu.

Tatizo lilikuwa hesabu. Prodyuza aliugonga wimbo kwa kidole juu ya meza, akarudia, akatikisa kichwa. "Mama, mistari kumi na mmoja haikai kwenye biti. Itapwaya. Tuwe na minane, kisha Tufani aingie, kisha tufanye ule wa kidole uwe kiitikio. Tutoe mitatu tu."

"Mitatu ipi?"

"Yoyote. Chagua wewe, wimbo ni wako."

Kabati aliangalia chini. Midomo yake ilikuwa inatembea. Alikuwa anaipitia mmojammoja, anaishika na kuiweka, kama mtu anayeambiwa apunguze mzigo na kila kitu ni cha lazima. Karani, aliyekuwa kwenye kochi na mkoba magotini, akaona dada yake anahangaika mbele ya watu wakubwa, akaona aibu kwa niaba yake, akataka kumsaidia.

"Si ile ya mwisho, dada? Umelala, umelala, umelala. Inajirudia tu."

Dada yake aligeuka akamtazama. Hayakuwa macho ya hasira. Karani ameyawaza macho yale tangu siku hiyo na hajayapatia neno.

"Sawa," akasema. "Toeni ya mwisho."

Wimbo ulitoka baada ya mwezi. Ulienda mbio. Sauti ya Kabati ilisikika mwanzoni, mistari minane peke yake, halafu ngoma ikaingia na Tufani juu yake, na yeye akabaki nyuma kama mtu anayezungumza chumba cha pili. Kwenye video vijana walibuni mtindo: wanapofika umenishika kidole hukukiacha, wawili wawili wanafungana vidole vidogo, wanazunguka. Ukaenea. Karani aliuona kwenye vituo vya basi, kwenye foleni ya benki, hata maktabani ambako kelele ni marufuku.

Kwenye sherehe ya kumuaga mkuu wa maktaba, meza za kusomea zilisogezwa ukutani, na Karani akamwalika dada yake kama mgeni wa heshima. Wimbo ulipopigwa wafanyakazi wote wakaingia kati, watu na miwani yao, wakifungana vidole. "Mwenye wimbo yuko hapa!" wakapaza sauti. "Acheze! Acheze!" Kabati alikaa wima na mkoba kifuani. Karani akamfuata, akampokonya mkoba, akakifunga kidole chake kidogo kwenye kidole cha dada yake, akamvuta. Naye akacheza. Alizungushwa mara mbili, tatu, anatabasamu kwa meno tu, na kidole chake kilikuwa baridi kama bomba.

Baada ya hapo hakuingia tena kabatini. Meza yake dukani ilikaa safi, haina chaki. Mpiga pasi alijaribu, "Kabati, umekuwa staa, hututungii tena sisi wa mvuke?" akajibiwa kwa kicheko kifupi. Karani alipouliza aliambiwa nyimbo zimekwisha. Alifikiri ni uchovu. Kisha akafikiri ni majivuno, na akanuna siku kadhaa. Majuto ni mjukuu, na huyu mjukuu alikuwa bado yuko njiani.

Maumivu ya tumbo yalianza kama utani. Hospitali wakakuta uvimbe, wakasema lazima apasuliwe. Siku ya kulazwa muuguzi alivuta kiti kando ya kitanda na faili mkononi, akauliza maswali kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuyauliza mara elfu. Karani alikuwa anakunja nguo za dada yake ndani ya kikabati kidogo cha chuma.

"Umezaa mara ngapi?"

"Mara moja."

Karani akainua kichwa. "Hapana, muuguzi. Mimba iliharibika."

"Mara moja," dada yake akarudia. "Salama. Wa kike."

"Yuko wapi sasa?"

"Aliishi siku kumi na moja."

Muuguzi akaandika, kalamu haikusita, akauliza kama kuna dawa zinazomdhuru.

Karani alikaa ukingoni mwa kitanda. Miaka ishirini na mitatu iliyopita alikuwa mbali, mwaka wa mwisho wa masomo, akapokea barua ya mama yao: mimba ya dada yako imeharibika, usije, maliza mitihani. Hakwenda. Alimaliza. Hakuna aliyemwambia kwamba kulikuwa na mtoto, kwamba alijaza chumba, kwamba alishika kidole. Alihesabu mistari kwa vidole vyake mwenyewe, mmojammoja, siku kwa siku, mpaka akafika kwenye mitatu ya mwisho, zile siku ambazo mtoto hakuamka tena na mama yake alibaki kusikiliza pumzi. Umelala. Umelala. Umelala. Inajirudia tu.

Muuguzi alipoondoka akasema, "Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa na mitihani."

"Dada! Miaka ishirini na mitatu!"

"Mitihani ilipokwisha nilikuwa nimeshazoea." Akajaribu kucheka, tumbo likamkataza.

"Pale studio ni mimi niliyesema ikatwe."

"Ulisema inajirudia. Na ilijirudia kweli."

Karani alitaka kupiga magoti, lakini wodi ilikuwa imejaa watu na vyombo vya chakula. Akafanya alichoweza. Akatoa simu, akatafuta rekodi ya kabatini, ile yenyewe, akamwekea dada yake kisikilizi kimoja sikioni, kingine akajiwekea. Kikohozi. Kimya. Umekuja bila mzigo. Walisikiliza vichwa vimegusana. Wa pili, wa tatu, wa nne. Ulipokwisha wa nane Kabati alikitoa kisikilizi, akakiweka juu ya shuka.

"Imebaki mitatu, dada. Yako yote imo humu, sikuifuta."

"Wewe sikiliza. Mimi hapo sasa naisikia ngoma inaingia. Hata kichwani. Nikijaribu kufika kwake, ngoma inaingia."

Karani akasikiliza mistari mitatu peke yake, machozi yakidondokea mkoba. Ndani ya mkoba lilikuwamo daftari. Hakujua kwa nini alikuwa amelibeba. Akalifungua ukurasa wa namba arobaini na moja, akamwonyesha kile kistari.

"Niandike nani?"

Kabati alipitisha kidole juu ya kistari. "Hakuwa na jina. Baba yake alilitaka la upande wake, mimi langu. Tulibishana siku zote kumi na moja." Akalaza kichwa. "Tulipochoka kubishana hakukuwa tena na wa kumpa jina. Pale kabatini nilikuwa natafuta niseme nani, nikakosa."

Kwenye daftari nafasi hiyo imebaki wazi. Upasuaji ulifanyika kesho yake asubuhi na dada yake hakuamka. Makoti bado yametundikwa kabatini, Karani hajayagusa. Jioni ile hakuyajua hayo. Kengele ya kumaliza muda wa wageni ililia, mlinzi akaanza kupita kitanda kwa kitanda, naye akabaki amesimama na daftari kifuani, hataki kuondoka, hajui aombe msamaha kwa nani kati ya wawili. Tangu utotoni dada yake alikuwa akimwita Karani, kwa upendo, kwa hasira, kwa mzaha, hakuwahi kumwita kwa neno lingine. Sasa alinyoosha mkono, akamgusa kidole kidogo, akakiachia.

"Haya nenda, mama mdogo," akasema. "Mlango wanaufunga."